Kabla ya kuichomeka, ifungue

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua, na naomba mkasi wako uwe na huruma, kwa kuwa nina miaka 72 na hii ni barua yangu ya pili tu gazetini. Ya kwanza niliandika mwaka 1994 kulalamikia bomba la maji la mtaani kwetu. Bomba lenyewe mpaka leo kavu, lakini barua ilitoka.

Jumapili mbili zilizopita mlitoa ukurasa mzima wa mapambo ya nyumba. Mwandishi wenu aliwashauri wanaojenga watafute tepu za zamani, zile kubwa za rili mbili, yaani magurudumu ya kuviringishia kanda, wazipange sebuleni kando ya maua. Hapo sina ugomvi, kila mtu na sebule yake. Ugomvi wangu ni pale alipoandika kwamba mashine hizo hazifi, na kwamba ukiipata unachomeka tu kwenye umeme, unaweka kanda yoyote, inaimba.

Jumatano yake, baada ya alasiri, kijana mmoja wa hapa Ngamiani alinijia na guta. Juu ya guta kulikuwa na tepu ya rili imefunikwa shuka kama maiti. Ameinunua laki tatu kwa muuza vitu vya kale, akaichomeka kama gazeti lilivyosema. Rili zikazunguka, muziki ukatoka, mama mtu akaitwa kutoka jikoni aje asikie. Mara pakasikika mlio kama kiberiti cha gesi kilichoachwa juani, moshi mweupe ukatoka nyuma, na harufu ya samaki aliyeungulia sufuriani. Wakazima. Ule moshi si kitu. Ni kapasita ndogo inayokaa kwenye njia ya umeme kuzuia makelele; ikizeeka gamba lake linapata nyufa, unyevu unaingia, siku ukiipa umeme inapasuka. Mpya ni bei ya soda mbili. Niliibadilisha jioni ileile.

Kilichoniumiza ni kanda. "Kanda yoyote" aliyoiweka ilikuwa ya harusi ya bibi yake, pekee iliyobaki, na kwenye mashine ile gurudumu la mpira linaloibana kanda lilikuwa limegeuka ulimbo. Kanda ikanasa kwenye ulimbo kama ndege, ikajizungusha kwenye mhimili, na walipoivuta ilitoka kama makapi ya miwa. Nilipima: mita nne. Kwa mwendo wa sentimita 19 kwa sekunde hizo ni sekunde 21. Mita mbili nimefaulu kuzinyoosha, nikizipitisha katikati ya vidole kwa kitambaa cha pamba. Mbili nyingine zimevutika zimekuwa uzi. Mama yule, aliyekuwa akiisikia kanda hiyo utotoni, anasema pale ndipo mwimbaji alipomtaja bibi kwa jina. Nimesikiliza mara nyingi. Jina limo kwenye uzi.

Ndiyo sababu nataka kuisahihisha ile sentensi moja, na kwa kuwa sina tena bosi wa kunikatiza, nitaisahihisha kwa urefu.

Nilikuwa fundi mitambo wa redio kwa miaka 34, tangu 1979 hadi 2013. Kituo sikitaji, waliopo sasa hawana kosa. Studio tulikuwa na mashine zilizosimama chini kwa miguu yake, kanda ya robo inchi, yaani milimita 6.35, ikienda sentimita 38 kwa sekunde kwa muziki na 19 kwa maongezi. Safarini tulibeba Uher, tepu ya Kijerumani ya kuning'iniza begani, inayokula betri tano zile nene. Kijana aliyezoea kaseti ajue tofauti: kanda ya kaseti, ambayo Philips waliileta mwaka 1963, haifiki hata milimita nne kwa upana, na inatambaa chini ya sentimita tano kwa sekunde. Kwenye rili sauti ina uwanja. Santuri zilichapwa Nairobi. Huku kwetu nyimbo nyingi za bendi ziliishi kwenye rili za redio, zimerekodiwa chumba kimoja, wote kwa pamoja, ukikosea mnaanza upya. Ukisikiliza rili nzuri ya zama zile, iwe ya Atomic Jazz au ya Black Star wetu wa hapa Tanga, unamsikia mpiga tumba anavuta kiti.

Na hapa niseme jambo ambalo sijapata kulisema mbele za watu. Kanda mpya zilinunuliwa kwa fedha za kigeni. Miaka ile ya mwanzo ya 80, fedha za kigeni zilipokauka, kila mwezi nilikabidhiwa orodha ya kanda za kufutwa ili zitumike tena. Kufuta kanda ni kazi nyepesi kuliko kuchinja kuku. Kuna sumaku ya umeme ya mezani, kubwa kama pasi ya mkaa; unaiweka rili juu, unaizungusha taratibu, unaigeuza, unaiondoa polepole. Haimalizi nusu dakika. Nimefuta hotuba, nimefuta tenzi zilizoghaniwa na watu ambao sasa ni marehemu, nimefuta ngoma za Kizigua ambazo wazee walipanda lori kutoka Handeni kuja kuzipiga. Sikuandika popote nilichofuta. Nilitia saini idadi tu. Basi msomaji asinione nimekaa juu ya mimbari. Mimi ni mchinjaji ninayewaambia mbuzi wenu wana thamani.

Kaka yangu mkubwa, Mungu amrehemu, alikuwa karani wa shamba la mkonge. Mashamba yalipotaifishwa mwaka 1967, meneja wake, Mgiriki, alifunga virago na akamuuzia Uher yake kwa bei ya baiskeli. Tangu hapo kaka hakukosa harusi. Alikuwa anaalikwa na watu asiowajua, anawekewa kiti karibu na waimbaji, anaambiwa "karani, mashine imeamka?" Uher yenyewe iliibiwa Korogwe mwaka 1983. Alipofariki, mwaka mmoja baada ya mimi kustaafu, watoto wake wakaniletea debe la biskuti lenye rili kumi na moja ndogo, za sentimita 13, kila moja ndani ya boksi lake, na maandishi yake ya penseli ya kijani.

Kwa hiyo na mimi nikaingia sokoni kutafuta mashine, na nikafanya ujinga wangu kama huyu kijana. Nilikuta tepu ya Kijapani kwa muuzaji mmoja Dar es Salaam, inang'aa, imetoka Marekani ndani ya kontena. Nikaangalia nyuma: volti 120. Nikajisifu kwa kuangalia, nikanunua na transfoma ya kushusha umeme. Ilipowaka, shemeji yangu, mke wa kaka, ambaye alikuwa na sauti ya kinanda, akatoka kwenye spika na sauti ya mwanamume aliyeamshwa usiku wa manane. Fundi wa miaka 34 nilikuwa nimetazama volti nikasahau hezi! Umeme wa Marekani unapiga mizunguko 60 kwa sekunde, wetu 50, na mota ya aina ile inafuata mizunguko ya umeme, haijali volti. Palipotakiwa mwendo wa sita ikaenda tano, pole pole, na kila wimbo ukashuka. Mashine ya namna hiyo ina dawa, puli kubwa zaidi kwenye mota, lakini uitafute wapi? Nilimpa mjukuu wangu asomee ufundi, akaitoa mota akatengeneza feni.

Ya pili niliipata Lushoto. Ni Revox A77, toleo lililoanza kutoka mwaka 1967, kazi ya Waswisi, na ilikuwa kwa mwalimu mmoja mstaafu aliyepewa na misheni walipofunga studio yao ya kurekodia kwaya. Bei laki nane na nusu. Mke wangu mpaka leo nimemwambia laki nne, na ninaomba asiwe msomaji wa ukurasa huu.

Niliipenda kwa mambo ambayo si kung'aa. Ina mota tatu: moja inavuta kanda mbele, mbili zinashika rili kila upande. Hakuna mikanda ya mpira ya kuoza tumboni isipokuwa kijimkanda kimoja cha kuzungusha namba. Mota inayovuta kanda inadhibiti mwendo wake kwa saketi yake yenyewe, umeme uwe wa 50 au wa 60 haiulizi. Na nyuma kuna kidude cha kuchagua volti, unakigeuza kwa sarafu.

Kabla ya kutoa hela nilikaa nayo saa nzima, mwalimu akiniangalia kama mtu anayekagua meno ya punda. Nilimulika hedi kwa tochi ya simu. Hedi ni vile vidude vitatu ambavyo kanda inavipapasa: cha kwanza kinafuta, cha pili kinaandika, cha tatu kinasoma. Kanda ni kama msasa laini, miaka inavyokwenda inakula chuma na kuacha utepe mwembamba uliobapa. Utepe mwembamba si neno. Ukipitisha ukucha ukakwama kwenye kingo, basi hedi imechoka, na hedi ndiyo bei ya mashine. Nikapapasa gurudumu la mpira: gumu kidogo, halinati. Nikainusa mashine kwa nyuma, mwalimu akacheka. Nikauliza ni ya njia mbili au nne, maana zipo zinazoandika upana wa kanda mara nne, hizo za nyumbani, na zipo za mbili, ambazo ndizo nilizohitaji kwa kanda za kaka. Ilikuwa ya mbili. Na sikuiwasha. Mwalimu alitaka kuiwasha ili anionyeshe, nikamshika mkono.

Kwenye basi la kushuka Soni nililipa viti viwili. Nikaikalisha dirishani, imelala chali, imefungwa mkanda wa suruali yangu, kwa sababu ni kilo kama kumi na tano na kona za pale mnazijua. Kondakta akaniuliza, "Mzee, huyo mgonjwa wako anakwenda Bombo?" Nikamwambia ndiyo.

Nyumbani niliifungua. Ndani mlikuwa na nyumba mbili za mavu, zile za udongo, moja imejengwa juu kabisa ya transfoma, na vumbi jekundu la Usambara. Hapa ndipo sentensi ya gazeti lenu inapoua watu. Mashine iliyokaa miaka ishirini bila umeme haichomekwi. Unasafisha kwa brashi ya rangi iliyo kavu. Unabadilisha zile kapasita za njia ya umeme na za mota, unalehemu mpya, hata kama za zamani zinaonekana nzima. Kisha unatumia ujanja wa mafundi wa redio wa tangu enzi za valvu: unakata waya mmoja wa umeme na kuunganisha katikati balbu ya kizamani ya wati 60, ile yenye uzi ndani. Ukiwasha, balbu ikimulika kidogo kisha ikafifia, mashine inavuta umeme kwa adabu. Ikiwaka kwa nguvu na ikabaki hivyo, kuna shoti, na balbu imeumia badala ya transfoma. Asiyejua kushika umeme amwite anayejua. Mimi mwenyewe umeme wa kapasita uliwahi kunirusha kutoka kwenye stuli nikiwa na miaka thelathini na nguvu zangu zote.

Yangu balbu ilififia. Nilikaa nikaiangalia kama dakika kumi, nikitafuna mkate.

Mafuta: matone mawili ya mafuta mepesi ya cherehani kwenye beringi za mota, si zaidi, maana yakichuruzika yakafika kwenye mpira yameuua. Nimewahi kuletewa mashine iliyotiwa mafuta ya nazi. Ilinukia vizuri. Hedi unasafisha kila unapotaka kusikiliza, kwa aisopropili, alkoholi ile ya asilimia 99 wanayotumia mafundi simu, na pamba za kijiti. Spiriti ya hospitali nyingine ina mafuta ndani yake, iache kwa vidonda. Gurudumu la mpira usilioshe kwa aisopropili kila siku, linakakamaa. Maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo yanatosha, likauke kabisa. Likianza kunata au kung'aa kama kiatu kipya, ondoa, tafuta jingine, usibembeleze. Na kila baada ya saa nyingi za kazi hedi zinapata usumaku wake zenyewe, zinaanza kula sauti nyembamba. Kuna kijiti cha umeme cha kuzisafisha. Mashine iwe imezimwa, kanda zote ziwe chumba kingine, unakisogeza kijiti kwenye hedi na kukiondoa polepole mpaka umbali wa mkono, ndipo unakizima. Ukikizima kikiwa karibu umeharibu kuliko ulivyokuta.

Jambo jingine dogo: Revox ina vitufe vya kuchagua njia ya kurekodi. Viache bila kubonyezwa, vyote viwili. Kidole cha mtoto kimefuta zaidi kuliko idara yangu.

Lakini mashine ni nusu ya habari, na ni ile nusu rahisi. Kanda ndiyo inayougua, na hasa huku pwani. Kanda ni plastiki iliyopakwa unga wa oksaidi ya chuma kwa gundi. Kanda nyingi za Kimarekani za tangu katikati ya miaka ya 70, Ampex 456 ikiwa mashuhuri kuliko zote, gundi yake inafyonza unyevu wa hewani na kuvunjika. Kanda inanata. Ukiicheza inalia kama mlango wenye kutu, na unga wa kahawia, ambao ndio sauti yenyewe, unabaki kwenye hedi. Za Kijerumani za BASF na Agfa, alizopenda kaka, nyingi zimevumilia. Lakini kwenye debe zilikuwamo mbili zisizo na jina la kiwanda, na hizo nilipozigusa kwa ukucha tu niliona zinaachana shingo upande kama tende.

Dawa yake ni kuzioka, na sicheki. Joto la nyuzi 54, saa nane au zaidi, kavu, bila kupanda wala kushuka. Jiko la gesi halifai, jua ndiyo kabisa. Nilitengeneza sanduku la mbao, ndani balbu nne, feni ya kompyuta ya kuzungusha hewa, na kile kidhibiti joto cha mashine ya kutotolea vifaranga kutoka duka la pembejeo. Wajukuu walikuwa wanakuja kila baada ya nusu saa kuuliza vifaranga vimefika wapi. Nikaziacha zipoe mpaka asubuhi. Zikacheza bila kulia. Ugonjwa unarudi baada ya majuma, kwa hiyo unanakili upesi. Ila kabla ya kuoka, inua rili mbele ya dirisha: ikipitisha mwanga pembeni ya mzingo, hiyo ni asetati ya zamani, na asetati haiokwi kamwe, inajikunja. Yenyewe inapokufa inanuka siki. Ukisikia harufu ya siki kwenye boksi la marehemu baba yako usiitupe, itenge na zenzake na umtafute mtu.

Kanda nzima unaihifadhi imesimama kama kitabu, haikulazwa, na imeachwa mkia nje, bila kurudishwa mwanzo, kwa sababu tabaka moja linalinakilia jingine, na ukiiacha mkia nje mwangwi unakuja baada ya neno badala ya kabla yake. Vile vipakiti vya chembe vinavyokuja na viatu, vilivyoandikwa usile, vinafyonza unyevu, ninavikusanya mtaa mzima. Imekatika? Iunge kwa utepe wake maalumu, nyuma, mkato wa mshazari. Selotepu inatoa gundi na kuziunganisha tabaka tatu jirani. Na ukishaisikiliza mara moja inatosha, hiyo mara moja iwe inaingia kwenye kompyuta, kwa kipimo cha sauti cha biti 24, kilohezi 96. Saa moja ya stereo ni gigabaiti mbili na kidogo, flashi ya bei ya ndoo ya plastiki inabeba saa kadhaa. Nakala yangu moja ipo Muscat kwa binti yangu, moja ipo kwa mpwa wangu Arusha. Anayetaka kurekodi upya kwa raha yake, kanda mpya bado zinatengenezwa Ufaransa, mjini Avranches, si lazima arekodi juu ya urithi wa mtu.

Mwaka juzi nililala usiku mmoja Unguja, hoteli ya kitalii, harusi ya rafiki. Mapokezi waliweka tepu ya rili ya kuvutia, na ukutani rili sita kama sahani, na kanda zake, zimepigwa na jua la dirishani tangu asubuhi. Moja ilikuwa na karatasi ya maandishi ya Kiarabu kwa wino uliopauka, lugha Kiswahili: taarabu, na jina la mtaa wa Ng'ambo. Nikamwomba meneja, kijana mpole kabisa, niichukue siku tatu nimrudishie na nakala juu. Akasema ni pambo, mzee, haina kitu. Basi mwandishi wenu wa mapambo nampa shauri la bure: anayetaka pambo anunue mashine iliyokufa, akate waya wa umeme kwa koleo asije mtu akajaribu, na aweke rili tupu. Rili tupu zinang'aa zaidi.

Nimalizie kwa habari ya debe. Uher ya kaka ilirekodi upande mmoja wa kanda, ukifika mwisho unageuza, unarekodi upande wa pili kurudi nyuma. Mashine ya stereo inasoma pande zote kwa pamoja, kwa hiyo mara ya kwanza nilipovaa vipokea sauti, sikio la kushoto shemeji yangu alikuwa anaimba, na la kulia kulikuwa na watu wanaongea kinyumenyume, vicheko vinaanza na mwisho wake, mlango unafungwa kabla haujafunguliwa. Niliacha hivyo kwa muda, ndipo nikageuza swichi iwe upande mmoja. Akaimba peke yake. Katikati ya ubeti wa tatu kaka anakohoa karibu na maikrofoni, halafu ananong'ona, "samahani." Tangu afariki sikuwa nimeisikia sauti yake.

Rili kumi na moja zimeshanakiliwa. Moja imeandikwa kwa penseli ya kijani: "Pangani, Bweni, Machi 1972, ya 2." Ya 2 inaanza katikati ya wimbo, watu wameshachangamka, na bwana harusi ameshatajwa. Ya 1 haimo kwenye debe. Kaka alikuwa na mazoea ya kuwaachia wenyewe rili ya kwanza kama zawadi ya harusi, hata kama hawakuwa na chombo cha kuichezea. Kama kuna nyumba Bweni, au Pangani mjini, au watu wa huko waliohamia kwingine, wenye rili ndogo ya sentimita 13 na mwandiko wa penseli ya kijani, naomba wasiipeleke kwa mtu yeyote mwenye mashine ya sebuleni. Wasiichomeke popote. Mhariri anayo anwani yangu. Nitakuja mwenyewe, nauli yangu, na rili itarudi nyumbani kwao siku ya tatu.

Fundi mstaafu,
Ngamiani, Tanga